Taa ya Krismasi

Tangu likizo ianze kutolewa kwa kipimo cha imani, Elinami hakuwahi kupanda kwao Marangu kula Krismasi. Kila Desemba aliweka kidole kwenye kile kipimo cha ukutani sebuleni, taa ikawaka nyekundu, akaenda zamu na wapagani wenzake huku akitania kwamba Mungu asiyekuwepo anamnyima mbuzi aliyepo. Taa ya mkewe Aikaeli, kiongozi wa kwaya, ilikuwa kijani siku zote.

Mwaka huu Aikaeli hakutulia. Alifunga begi, akalifungua, akalifunga tena. Tangu wamzike mdogo wake alikuwa akiimba kanisani kama mtu anayetwanga, na Elinami alikuwa ameona.

"Anza wewe, Baba Ndeshi."

"Ah, mimi najulikana. Anza wewe."

Aikaeli akaweka kidole. Nyekundu. Akakifuta kwenye khanga, akarudia. Nyekundu.

Elinami akaweka chake haraka, angalau wawe wapagani wawili. Ikawaka kijani.

Simu ikaita. Alikuwa Ndeshi, binti yao, aliyekwisha kutangulia kwa bibi yake. Hakuna aliyeipokea.

"Umefanya nini?" Aikaeli aliuliza.

"Sijafanya kitu. Ulipoweka kidole niliomba tu. Niliomba ikuwakie kijani."

"Ulimwomba nani?"

Elinami akafungua mdomo atanie, utani ukamgomea. Simu ilikatika, ikaanza kuita upya, na ile taa ya kijani ikaendelea kumwangaza usoni.