Wati Mia na Themanini

"Itabeba, mjomba," Thoa alisema bila kupepesa macho.

Isingebeba, na fundi kompyuta kama yeye alijua vizuri. Mashine ya Mzee Khiem ilikuwa kuukuu ya ofisini, ile inayouzwa imeshafungwa kila kitu. Pawa saplai yake, sehemu inayoigawia umeme, ilikuwa ya wati mia na themanini tu, na plagi zake ni za aina yake, huwezi kuitoa ukaweka nyingine ya dukani. Mashine ya hivyo hupewa kadi ya picha ndogo, isiyo na njaa. Thoa alimletea lijikadi ambalo peke yake lingezimaliza wati zote hizo. Akaliunga kwa waya wa kubabaisha, kisha akaweka na programu ya kulikimbiza kwa nguvu zote.

Nyumba haitaungua. Mashine itazima tu katikati ya wimbo, na haitawaka tena.

Siku hii aliingoja miezi minane. Mama yake alipigwa na kiharusi, akarudishwa kutoka hospitali mkono mmoja mzima na ulimi hauna neno. Wiki hiyohiyo Mzee Khiem akatoa spika barazani na kuanza karaoke. Nyumba zao zinatazamana, na uchochoro uliopo katikati haupitishi pikipiki mbili. Kila siku saa kumi alasiri alianza nyimbo za zamani za kusini, zile za kuburuta, kwa sauti ya bata mwenye mafua.

Mama, kitandani pale dirishani, aligonga nondo kwa kijiko cha uji. Siku nyingine mara mbili, siku nyingine mara saba. Thoa akifunga dirisha, kijiko kilizidi hasira.

Alishakwenda kumwomba mzee. "Mjomba, punguza basi. Tuna mgonjwa."

"Mgonjwa ndiye wa kuimbiwa, binti," mzee alicheka. "Mzima si anakwenda kazini?"

Jibu hilo lilimkaa Thoa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa alikaza skrubu ya mwisho. Mzee Khiem alikuwa akipangusa runinga yake kubwa. Aliigeuzia nje, ikatazama dirisha la kina Thoa. Kelele hazikumtosha.

"Picha hazitakwama tena?" aliuliza. "Nina video za mto Tien. Mtu wa mtoni ukimwonyesha maji yanayokwamakwama, si atakununia?"

"Yatatiririka, mjomba."

"Mikono yako idumu." Akampa mfuko wa mashokishoki. "Mpelekee mama. Yameiva sana, anavyoyapenda."

Thoa aliyatupa kwenye pipa la taka.

Saa kumi alifungua dirisha mwenyewe, akakaa kando ya kitanda, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kutazama mchezo. Ukaimbwa wimbo wa kwanza, ukaimbwa wa pili. Ng'ambo ya uchochoro maji ya mto yalipita kwenye runinga, mapana, ya udongo, bila kukwama hata mara moja. Mama aliinua shingo.

Wimbo wa tatu ulifika kwenye ile sauti ndefu ya kuvuta. Kitu kikalia tak. Runinga ikawa nyeusi, spika ikanyamaza, harufu ya waya ulioungua ikavuka uchochoro.

Thoa akamvutia mama shuka. "Haya, pumzika sasa, mama. Nimekumalizia."

Mama akausukuma mkono wa Thoa. Kijiko kikagonga nondo mara nne.

"Nimekusikia, dada," Mzee Khiem aliitikia kutoka barazani, bila spika. "Wimbo namba nne. Mto wako umezimika leo, ila koo langu bado zima."

Akaanza kuimba, na kijiko kikashika mapigo.