Kompyuta Iliyokataa Kulala

Bwana Sekimweri aliilaza kompyuta ya sebuleni, inayotumia televisheni kama kioo chake, kwa mkono wake mwenyewe. Televisheni ilipozima, aliketi kwenye kochi lake kama hakimu anayesubiri mshtakiwa. Televisheni ikawaka.

"Mnaiona dharau hii?" aliziuliza kuta, maana mkewe hakuwapo. Juzi Bwana Sekimweri alimfokea mkewe, mama Tunu, mbele ya wageni kwamba ni yeye anayeiamsha kompyuta makusudi, ili kumharibia mumewe usingizi wa mchana.

"Ukimjua mwenye kosa, baba Tunu, uje uniambie kwa mdomo huohuo," mama Tunu alimjibu siku hiyo, akabeba mkoba, akaenda kwa dada yake.

Bwana Sekimweri alichomoa kibodi, akachomoa na waya wa intaneti, akailaza tena kompyuta. Akaketi. Televisheni ikawaka.

Kwa ghadhabu aliupiga ngumi mto wa kochi, na kitu kigumu kikamuumiza vidole. Chini ya mto, palepale alipokuwa akipakalia kila mchana kwa heshima zote, alitoa mausi ya kompyuta isiyo na waya, ambayo ikitikiswa tu huiamsha. Ilikuwa bado na joto la makalio yake.

"Hodi! Nimefuata nguo zangu tu," mama Tunu aliita mlangoni.

Haraka haraka Bwana Sekimweri aliilaza kompyuta, akaisukumiza mausi chini ya mto, akaketi juu yake na kukunja uso.

"Pita."

Televisheni ikawaka, ikawamulika wote wawili. Mama Tunu hakuitazama. Alilitazama kochi, akaweka mkoba chini, akasubiri mumewe ainuke.