Chumba cha Stara

"Dada, na tundu hili nalo nilizibue?" fundi aliuliza kutoka juu ya ngazi, patasi mkononi.

Mwanaheri, ndiyo kwanza anaingia, akainua macho. Nyumba hii kongwe ya Temeke, ya marehemu mama yake, ilikuwa imeshapakwa rangi nyeupe juu ya bati kukinga jua, na kila chumba kimefunguliwa matundu ya hewa. Kilibaki hiki cha mbele tu, anacholala baba yake mdogo.

Kwenye saruji iliyoziba tundu bado zilionekana alama za vidole vya mzee huyo. Aliikandika mwenyewe siku mama alipoingia eda humu ndani, mjane asiyeruhusiwa kutoka. "Stara, shemeji," alimwambia. "Wanaume wasije wakakuchungulia." Mama alitoka eda kifua kinakoroma, na hakupona tena.

Mzee alikaa kitandani, fulana imemganda mgongoni. "Mwambie azibue, mwanangu. Nakufa na joto."

"Shikamoo, baba," akasema Mwanaheri, kwa adabu zote alizofunzwa na mama.

"Marahaba."

Akamgeukia fundi. "Hilo liache. Baba anapenda stara. Halafu ng'oa mapangaboi yote. Nyumba sasa inapumua yenyewe, umeme wa nini tena?"

Fundi akalitazama pangaboi lililokuwa likizunguka juu ya kichwa cha mzee.

"Na hili, dada?"

"Anza na hilo."