Upande Usio na Moto

Kanisa zima lilikuwa linawaka, na mpiga picha mmoja alikuwa akihangaika kutafuta mahali pasipo na moto.

"Wewe dada, moto uko huku!" wapiga picha wa magazeti walimcheka. Alikata kona mbio akaelekea nyuma, kamera ikimgonga kifuani.

Studio yake ilikuwa ya picha za pasipoti na harusi. Ila kwa wiki tatu sasa, kila jioni alimpelekea baba yake hospitalini picha moja ya paa la kanisa hili kongwe. Baba ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa ukarabati, mpaka moyo ulipomwangusha akiwa kazini. Picha ya jana isingefaa kitu. Mzee alikuwa akihesabu vigae kwa kidole, safu kwa safu, na vijana wake wa kazi walikuwa wamempigia simu asubuhi kumwambia kwamba wameongeza safu mbili.

Upasuaji ulikuwa kesho. "Asipate mshtuko wowote," daktari alikuwa amesema. "Hata mdogo."

Nyuma, moto ulikuwa haujafika juu. Alipiga magoti kwenye tope, akainua kamera. Picha ya kwanza, moshi. Ya pili, moshi tena, na ndimi za moto dirishani. Alitamani kupiga yowe.

Mtu wa zimamoto alimdaka mkono. "Dada, ukuta huo unakuja chini! Unataka kufa kwa ajili ya picha?"

"Moja tu, kaka yangu. Nakuomba. Moja tu!"

Upepo ukageuka. Vigae vikaonekana, vyekundu, vimetulia, na juu yake kipande cha anga safi. Akabofya. Yule kaka akamburuta kama gunia, na paa likaporomoka nyuma yao.

Alipitia studio kuisafisha picha. Saa kumi alikuwa anapanda ngazi za hospitali kwenda ghorofa ya nne, uongo kuhusu harufu ya moshi ukiwa tayari mdomoni. Baba hakuuliza. Alikuwa ameketi kitandani, uso bado una maji ya kunawa. Akavaa miwani, akahesabu.

"Safu mbili kweli," alisema. "Vijana wamejitahidi. Asante, mwanangu."

"Ukipona utamalizia mwenyewe, Baba."

"Nitamalizia."

Alitoka upesi kabla machozi hayajamuumbua. Muuguzi alimfuata koridoni, akatazama huku na huku.

"Ameniapisha nisiseme, lakini nimeshindwa. Tangu saa sita baba yako alikuwa amesimama kwenye dirisha la mwisho wa koridoni, linalotazama kanisa, hashikiki, anatazama mpaka paa likaanguka. Alipokuona unaingia getini ndipo akaomba maji ya kunawa. Akaniambia, 'Binti yangu asijue kwamba nimeona. Atashtuka.'"