Pini Mdomoni

Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga cherehani, mshonaji alifumba macho na kusali kwa kunong'ona. Leo mkata vitambaa alifika mapema, akasikia jina lake likitajwa.

"Kumbe unaniombea?"

Mshonaji alishtuka, akabana pini za upindo midomoni kana kwamba kazi imeanza.

"Usijifiche nyuma ya pini, mdogo wangu. Mwanangu alipofariki nilikuuliza hapahapa, amekwenda wapi? Ukanipa pole, ukaendelea kushona."

Mkasi ukatua mezani kwa kishindo.

"Uzi unaniazima. Mwavuli unaniazima. Huyo Yesu wako tu ndiye uliyemfungia kabatini. Uliniona sifai?"

Mshonaji alitikisa kichwa. Siku zote alikuwa akiogopa kuchekwa. Hakujua kuwa kimya chake nacho kilikuwa kikiumiza.

Alitoa pini moja, akaichomeka kwenye kimto. Akatoa nyingine. Ya mwisho ilimchoma, tone la damu likatokeza mdomoni. Hakulifuta.

"Unafaa, dada," alisema. "Keti. Yesu alikufa, akafufuka, na nilitaka ulijue hilo tangu siku ile ya msiba."