Ghorofa ya Tano

Tunsume alikuwa akipima ufa kwenye nguzo ya sebuleni kwake wakati mwenye jengo alipoingia bila hodi, viatu vimejaa saruji.

"Msanifu wangu, mbona umenuna?"

"Nani kakuruhusu kupandisha ghorofa ya tano, Bwana Mwakilasa? Mimi nilichora nne."

"Nguzo zako ni imara, mama. Au mwenyewe huziamini?"

Sheria ilimtaka kila msanifu aishi na familia yake katika ghorofa ya chini ya jengo alilolichora mpaka masika mawili yapite. Akihama mapema, amekiri kwamba kazi yake ni mbovu, leseni inafutwa, na msanifu mwingine anashika nafasi yake. Mwenye jengo hakutajwa popote.

"Basi njoo ulale hapa wewe na wanao!" Tunsume alifoka.

"Mimi? Mimi sijui kuchora." Akacheka, akatoka.

Asajile, mumewe, alikuwa akikivuta kitanda cha watoto kukisogeza karibu na mlango, ili wawahi kutoka nguzo ikikatika.

"Tuhame, mke wangu. Leseni haizai watoto."

"Tukihama ataletwa msanifu mwingine alale hapa. Naye ana wanawe."

Tunsume akaketi, akaanza kuchora vyuma vya kuifunga ile nguzo, akiikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Hajafika hata nusu, akawasikia mafundi juu wakikusanya makoleo yao.

"Kesho zege!" mmoja alipaza sauti, na wenzake wakamwitikia kwa vifijo.

Tunsume akaiweka kalamu chini, akaenda kumsaidia mumewe kusukuma kitanda.