Mhimili wa Riziki

Daraja letu linabebwa na mihimili minne ya chuma, na sisi watunzaji wake tulikuwa wanne, kila mtu na mhimili wake. Lori likipita juu, tunausikia uzito wake mgongoni, kila mmoja kwa sehemu yake. Kazi yangu ni kukadiria sehemu hizo kabla sijafungua kizuizi.

Binti yetu Riziki alipofariki, niliagizwa kuugawa mzigo wa mhimili wake kwa sisi tuliobaki. Niliketi nikapiga hesabu. Mihimili ya jirani ndiyo huelemewa zaidi. Upande mmoja ni wa mke wangu Chiku, upande wa pili ni wa Kondo, mwanetu wa darasa la tatu.

"Mtoto usimwongezee," Chiku alisema. "Nipe mimi wote."

"Mama Riziki, utavunjika mgongo."

"Nilimbeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Nipe."

Nikampa.

Juzi tulikuwa tunakula, lori la miwa likaomba kupita, nikalifungulia. Nilisikia sehemu yangu, ya kawaida. Kondo aliendelea kutafuna. Chiku aliweka tonge chini, akainama kidogo, akapeleka mikono nyuma kama anayemweka mtoto vizuri kwenye mbeleko, akaanza kuyumba polepole huku amefumba macho.

Lori likavuka, mgongo wangu ukawa mwepesi.

"Limeshapita, mke wangu," nikamwambia.

Hakuacha kuyumba.

"Fungulia lingine," akasema.